Kushoni namba 23 na tinti ya cheri: kwa nini uso umepauka, na ujaribu vipi upya

Swali

"Habari dada. Nina miaka 26, nafanya kazi mapokezi katika ofisi moja Upper Hill na naishi Umoja. Rangi yangu ni chokoleti iliyokolea, na paji la uso linatoa mafuta sana. Nimetazama tamthilia za Kikorea mpaka nikaitamani ile ngozi yao ya kioo, laini na inayong'aa. Nikanunua kushoni namba 23, muuzaji akaniambia ndiyo nyeusi kuliko zote alizonazo, pamoja na tinti ya midomo rangi ya cheri. Asubuhi najiona sawa kwenye kioo cha bafuni. Nikifika kazini wenzangu wananiuliza kama ninaumwa, uso umekuwa wa majivu. Midomo nayo katikati ni waridi kali, pembeni nyeusi kana kwamba sijapaka kitu. Je, vipodozi vya Kikorea havikutengenezwa kwa ajili yetu, au mimi ndiye sijui kuvitumia? Sitaki kupoteza pesa tena."

Jibu

Mdogo wangu, hukukosea kupaka. Uliuziwa rangi isiyo yako, kisha ukauziwa tinti bila kuelezwa inavyofanya kazi. Ni mambo mawili yasiyohusiana, ingawa yamekutana kwenye uso mmoja, kwa hiyo nitayajibu mbalimbali. Nitakujibu kwa kirefu pia, maana wasichana wanaokaa kwenye kiti changu wananiuliza swali hili mara kwa mara, na wengi wameshaanza kuamini kwamba ngozi yao ndiyo yenye kasoro. Haina kasoro yoyote.

Tuanze na hiyo 23. Kushoni ni faundesheni ya majimaji iliyolowekwa kwenye sifongo ndani ya kijaluba, na huja na sifongo nyingine ndogo ya kugongea usoni. Namba za Kikorea hazikupangwa kwa kupima ngozi za dunia nzima. Zilipangwa kwa ngozi za Wakorea. 13 ni ya mweupe sana, 21 ni ya mweupe wa kawaida, na 23 ni ya yule ambaye kwao huhesabiwa wa wastani au aliyepigwa na jua kidogo. Kwa miaka mingi kushoni nyingi zilitoka kwa rangi mbili au tatu tu, 21 na 23 zikiwa ndizo nguzo. Muuzaji aliposema 23 ndiyo nyeusi kuliko zote huenda alikuwa anasema kweli kabisa kuhusu kabati lake. Lakini hata msichana tunayemwita mweupe hapa Nairobi, yule wa rangi ya maji ya kunde, akijipaka 23 shingo yake itamsuta. Wewe wa chokoleti iliyokolea uko mbali zaidi.

Sasa kwa nini hukuonekana mweupe tu, ukawa wa majivu? Chukua maziwa kidogo, yatie maji mengi, uyamwage kwenye sufuria nyeusi. Hutaona weupe. Utaona rangi ya kijivu inayoelekea buluu, kama moshi wa kuni. Ndivyo zinavyofanya chembe nyeupe zikitandazwa kwa wepesi juu ya kitu cheusi. Chembe nyeupe iliyomo kwenye kushoni ni titani dioksidi, ambayo kwenye boksi huandikwa CI 77891, na ina kazi mbili: kuficha madoa na kukinga miale ya jua. Rangi yenyewe ya ngozi inatoka kwenye oksidi za chuma: CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 ni ya manjano, CI 77499 ni nyeusi. Faundesheni ya mtu mweusi hubeba hizo tatu kwa wingi na ile nyeupe kwa uchache. Kwenye 23 mizani imelala upande wa pili. Kiswahili kina neno lake kwa matokeo hayo, nalo ni kupauka. Ngozi iliyopauka ni kama ile iliyokosa mafuta asubuhi ya Julai, na ndiyo maana wenzako walidhani una homa. Bafuni hukuiona kwa sababu taa ya manjano huipa ngozi joto la bure ambalo jua la saa tatu pale Upper Hill halina.

Hili la chembe nyeupe nililijua kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpamba bibi harusi mmoja kwa kushoni yenye kinga kubwa ya jua. Rangi ilimkaa vizuri, hata mama yake akasifu. Jioni ukumbini, mpigapicha alipoanza kutumia flashi, uso wake ulitoka kwenye picha ukiwa wa kijivu kinachong'aa, shingo na mabega yakabaki ya rangi yake. Chembe zilezile zinazorudisha jua zilikuwa zinarudisha flashi. Picha za harusi hazirudiwi, na mpaka leo nikimkumbuka yule binti moyo unaniuma. Tangu siku hiyo simpambi mtu wa shughuli ya usiku bila kwanza kumpiga picha ya flashi kwa simu yangu. Nawe fanya hivyohivyo unapojaribu kushoni yoyote: picha moja chumbani, taa zimezimwa, flashi ya simu imewashwa.

Umeuliza kama havikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa muda mrefu jibu la kweli lilikuwa kwamba havikutengenezwa, na sitalipamba. Ila mwaka 2024 kulitokea jambo. Miss Darcei, Mmarekani mweusi anayejaribu vipodozi vya Kikorea kwenye video, alijipaka rangi nyeusi kuliko zote ya kushoni ya TIRTIR, ile ya kijaluba chekundu, na watazamaji wakaona kwa macho yao ilivyokuwa haimfikii. Kampuni ikaongeza rangi, na mwaka huohuo zikafika 30, zikiwamo za watu weusi kabisa. Hilo liliwafungua macho wengi, kwamba wanawake wa rangi yetu wapo, wananunua, na wanasubiri. Sisemi ukimbilie hiyo hiyo. Ninachotaka ujifunze ni swali la kuuliza dukani kabla ya kuuliza bei: rangi zenu zinaishia namba ngapi? Ukiambiwa 23, 25 au 27, shukuru uende zako, hata kama ni ofa, hata kama muuzaji anakuapia kwamba "ukipaka kidogo itaingia". Haitaingia. Wanaotengeneza rangi zinazotufaa hupanda mpaka thelathini na kitu, arobaini na kuendelea, na mara nyingi namba hufuatana na herufi. C ni rangi inayoelekea upande wa waridi na ubaridi, W inaelekea manjano na dhahabu, N iko katikati.

Herufi hiyo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Unaweza kupata weusi wako barabara na bado ukaonekana umepauka, kwa sababu ngozi yako ina dhahabu ndani yake na faundesheni ina waridi. Mtandaoni utaambiwa uangalie mishipa ya mkononi, kama ni ya kijani au ya buluu. Kwenye mikono kama yako na yangu mishipa hiyo haisomeki, kwa hiyo achana nayo. Njia ninayoiamini ni ya mistari: mstari mmoja wa W na mwingine wa N, za weusi uleule, ukiipaka sambamba kwenye taya ikishuka kidogo shingoni. Mmoja utauona umekaa juu ya ngozi kama kibandiko, mwingine utapotea. Unaopotea ndio wako. Wengi wa chokoleti iliyokolea niliowapamba walipotelea kwenye W au N. Lakini wapo weusi tii wenye wekundu wa mti wa mninga chini ya ngozi, na hao W huwafanya waonekane wana manjano ya ugonjwa.

Usijaribu nyuma ya kiganja. Mkono umepigwa jua la miaka yote na hauna uhusiano na uso. Usijaribu pia kwenye paji la uso, kwa sababu kwa wengi wetu paji na sehemu inayozunguka mdomo ni nyeusi kuliko mashavu, na ukilifuata paji utatoka na barakoa. Taya na shingo ndizo mashahidi. Na maduka, yawe ya Dubois Road au ya ndani ya mall, yana taa nyeupe kali zinazofanya kila rangi ionekane safi. Paka mistari yako, omba ruhusa, toka mpaka barabarani penye mwanga wa jua, ujitazame kwenye kioo kidogo ulichobeba mwenyewe. Kisha usinunue bado. Nenda kanywe chai, rudi baada ya dakika ishirini. Faundesheni nyingi zikikauka na kukutana na mafuta ya ngozi hubadilika, nyingine huwa nyeusi kidogo, nyingine huelekea rangi ya chungwa. Kwa mtu wa paji la mafuta kama wewe hizo dakika ishirini ndizo zitakazokulindia pesa. Muuzaji anayekuharakisha umpe namba yako ya simu na umwambie utarudi.

Kuna kitu cha Kikorea ambacho ningependa ukichukue hata kama hutaipata rangi yako leo wala mwezi ujao. Ni mkono wao. Kushoni ilianzia kwa Amorepacific, kampuni ya Seoul, mwaka 2008, chini ya jina la IOPE. Waliitafutia faundesheni yenye kinga ya jua njia ya kubebeka kwenye mkoba bila kumwagika, na wazo likatoka kwenye muhuri wa kugonga tiketi za maegesho ya magari: sifongo inayokunywa wino na kuutoa kidogokidogo, kiasi kilekile kila unapobonyeza. Hiyo "kidogokidogo" ndiyo siri yote ya ile ngozi unayoitamani kwenye tamthilia. Hawapaki safu moja nzito. Wanagonga safu nyembamba, wanaingoja, wanagonga nyingine pale tu panapohitaji, na sehemu kubwa ya uso unaouona ni ngozi yenyewe iliyolowekwa vizuri kwa losheni. Ukiichukua sifongo yao na kuisugua usoni kama unaosha sahani, umeua kila kitu.

Kwa hiyo asubuhi yako iwe hivi. Nawa, paka losheni nyepesi ya uso, subiri ikauke wakati unakunywa chai. Paka sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, subiri tena dakika chache, kwa sababu faundesheni juu ya sanskrini mbichi hujikunja na kutoa vijibonge. Bonyeza sifongo ya kugongea mara moja kwa wepesi, igonge kwanza kwenye kifuniko cha ndani ipungue, kisha anza katikati ya shavu ukielekea nje. Gonga, usivute. Paji la uso liwe la mwisho na lipate mabaki tu, kwa sababu ndilo litakalovunjika kwanza. Halafu poda kidogo sana, kwa brashi, kwenye paji na mbavu za pua, mashavu uyaache yang'ae. Ngozi ya kioo Nairobi inahitaji akili: mng'ao ukiwa juu ya shavu watu wataona afya, ukiwa kwenye paji saa sita mchana, baada ya matatu na vumbi la Jogoo Road, wataona jasho. Dukani tafuta kushoni isiyong'aa sana, zile ambazo baada ya kukauka zinakuwa laini kama mahameli. Januari na Februari, hewa inapokauka, utaongeza losheni. Juni hadi Agosti utaihitaji zaidi kwenye kingo za mdomo na pembe za pua.

Na kama rangi yako ya Kikorea haipatikani, mkono huo unaweza kuutumia na faundesheni ya mahali pengine. Weka tone mbili nyuma ya mkono, chovya sifongo ya kugongea ya kushoni, gonga vilevile. Nairobi tuna SuzieBeauty, aliyoianzisha Suzie Wokabi, na Pauline Cosmetics ya Nelly Tuikong, zote zilizoanza zikiwafikiria wanawake wa rangi zetu. Fenty Beauty, iliyoanza mwaka 2017 na rangi 40, ilifika madukani Kenya mwaka 2022. Matokeo yatakuwa ya Kikorea kabisa ingawa chupa si ya huko. Mimi mwenyewe kazini ndivyo ninavyofanya mara nyingi.

Neno moja kuhusu jua, kwa sababu kwenye kushoni yako pengine kumeandikwa SPF 50+ PA++++, alama za kiwango cha kinga ya jua, ukadhani umemaliza. Namba hizo zilipimwa kwa kupaka miligramu mbili kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Kwa uso na shingo hiyo ni kama mistari miwili mirefu ya sanskrini kwenye vidole viwili. Hakuna mtu anayegonga kushoni kiasi hicho. Ukifanya hivyo utatoka kama ukuta uliopigwa lipu. Nairobi iko juu, mita 1,700 na zaidi, tena karibu na ikweta, na mawingu ya Julai hayazuii miale kama baridi inavyokudanganya. Kwa hiyo sanskrini iwe sanskrini, na hapa Wakorea ni hodari kweli: nyingi zao ni nyepesi na hazina unga mweupe kabisa. Kagua orodha ya viambato. Isipokuwamo titani dioksidi (huandikwa Titanium Dioxide au CI 77891) wala zinki oksidi, kwa kawaida haitakupausha. Na kama una madoa meusi yaliyoachwa na chunusi, ujue mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huyakoza kwenye ngozi nyeusi, na zile oksidi za chuma zilizomo kwenye faundesheni yenye rangi yako husaidia kuuzuia. Hiyo ni sababu nyingine ya kutafuta rangi iliyokufikia kwelikweli, yenye chuma cha kutosha ndani yake.

Sasa midomo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote.

Tinti si lipstiki iliyoyeyushwa. Lipstiki hukaa juu ya mdomo kama rangi ya ukuta. Tinti huingia kama hina. Na wewe unajua hina: hiyohiyo iliyokorogwa kwenye bakuli moja, kiganjani inakoza mpaka nyeusi na nyuma ya mkono inabaki ya chungwa. Rangi inayoingia haifichi kilicho chini yake, inachanganyika nacho. Wino mwekundu kwenye karatasi nyeupe ni mwekundu, kwenye bahasha ya kaki hufifia. Katikati ya mdomo wako wa chini ndiyo karatasi nyeupe, kingo zako na mdomo wa juu ndiyo kaki. Cheri yako ilipakwa kila mahali. Ilionekana pale tu palipokuwa na nafasi ya kuonekana.

Lile waridi kali lina sababu yake pia. Tinti nyingi zina rangi mbili ambazo kwenye boksi utaziona kama CI 45410 na CI 45380. Hizi zikigusana na unyevu wa mdomo hugeuka waridi, na ndizo zinazoshika kuliko zote. Cheri uliyoiona kwenye chupa ilikuwa mchanganyiko. Baada ya chai na andazi la saa nne, rangi nyingine zimefutika, waridi imebaki peke yake. Kwa hiyo dukani usiitazame rangi ya chupa, wala rangi ya dakika ya kwanza. Ipake kwenye ncha ya kidole, upande wa ndani, ambapo ngozi inakaribia midomo kwa rangi kuliko mahali pengine mkononi. Subiri dakika kumi, kisha futa kwa tishu yenye maji. Kilichobaki hapo ndicho utakachokuwa nacho mchana. Ukikipenda, nunua. Usikipake kijaribio cha dukani mdomoni, tafadhali. Vidonda vya homa ya mdomo huambukizwa kirahisi, na hakuna rangi yenye thamani hiyo. Omba kijiti cha pamba kisichotumika.

Ukirudi kwenye picha za Wakorea, utaona midomo iliyokoza katikati na kufifia kuelekea nje, kana kwamba mtu ametoka kula zambarau. Wao huipata kwa kwanza kuzifuta kingo za mdomo kwa konsila, ile krimu ya kuficha madoa, au mabaki ya kushoni, kisha wanaweka tinti katikati na kuisambaza kwa kidole. Ukiwaiga hatua kwa hatua utapata kingo za kijivu, hadithi ileile ya maziwa na sufuria. Lakini jitazame tena kwenye kioo. Kivuli wanachokihangaikia wewe umezaliwa nacho. Kingo zako nyeusi ndizo mwisho wa mchoro, na kazi yako ni kuunganisha tu katikati na pembeni ili macho yasione mpaka. Nimewapamba wanawake walionijia wakitaka kingo zao "zifichwe", nikawaunganishia kwa penseli ya kahawia, wakajitazama muda mrefu bila kusema kitu. Midomo ya rangi mbili ni mizuri. Nataka uliamini hilo kabla ya kununua chochote kingine.

Fanya hivi: penseli ya midomo ya kahawia iliyoiva, karibu na rangi ya kingo zako, pita nayo ukingoni na uiingize ndani kidogo kwa kidole mpaka mstari upotee. Kisha tinti katikati, gonga, isambaze ikutane na kahawia. Subiri, ongeza tone moja katikati. Kwa ngozi yako ningechagua damu ya mzee, zambarau iliyoiva, bitiruti, ukwaju, au nyekundu ya matofali. Hizi zinaonekana kwenye kaki na kwenye karatasi nyeupe pia. Kaa mbali na zile za pichi na waridi la maziwa hata kama zimemkaa vizuri mwigizaji unayempenda. Zina chembe nyeupe ndani, na midomoni zitakuwa kama chaki.

Aina nayo ichague kwa macho wazi. Tinti ya majimaji ndiyo inayoshika zaidi na ndiyo inayokausha zaidi, na kwako wewe ndiyo iliyoleta matatizo. Zile laini kama mahameli, mfano Ink Velvet ya Peripera, zina mwili, zinafunika kidogo zaidi, na kwa midomo ya rangi mbili ningeanza nazo. Juicy Lasting Tint ya Rom&nd na dada zake huacha mng'ao wa maji juu na doa chini. Ni nzuri sana juu ya penseli ya kahawia, ila kwenye matatu yenye dirisha wazi nywele zitakuganda mdomoni. Zote zinataka mdomo laini, maana tinti hujikusanya kwenye maganda na kuyachora moja moja. Usiku paka mafuta ya midomo, asubuhi pitisha kitambaa chenye maji ya vuguvugu, paka mafuta tena, na kabla ya tinti uyafute yote. Tinti juu ya mafuta haishiki. Kama wewe huli wala hupaki kitu kinachotokana na wadudu, kwa dini au kwa hiari, angalia CI 75470 kwenye boksi, hiyo ni rangi nyekundu inayotolewa kwa mdudu.

Kuhusu kununua, nitataja yale tu yanayowaponza wengi. Tarehe za Kikorea huanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku. Pembeni yake kukiwa na herufi hizi, 제조, basi hiyo ni siku kilipotengenezwa. Zikiwa 까지, maana yake ni "mpaka", yaani mwisho wa kutumia. Nimeona watu wakitupa kitu kipya kwa kusoma siku ya kutengenezwa kama siku ya kufa, na nimeona pia kinyume chake, kitu kilichokwisha muda kikiuzwa kwa maelezo kwamba hiyo ndiyo siku kilipotengenezwa. Picha ya kikopo kilichofunguliwa yenye 12M ni miezi 12 tangu ufungue, na kwa kushoni mimi sipendi ipite hapo hata kidogo, kwa sababu sifongo ya kugongea inarudi usoni kwako kila siku na kubeba mafuta na jasho. Ioshe kila wiki kwa sabuni isiyo kali, ikauke kabisa. Tafuta pia stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zilizoingizwa nchini. Kwa wauzaji wa mtandaoni, lipa ukishaletewa na ukafungua boksi mbele ya mwendeshaji wa boda. Kijaluba cha kushoni mpya kina karatasi iliyozibwa juu ya sifongo. Ikiwa imefunguliwa, kirudishe papo hapo. Na kabla ya kukipaka uso mzima, paka kidogo ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili.

Usiogope ukiona vipodozi vya Kikorea vimeandikwa kuwa vinang'arisha. Mara nyingi ndani yake kuna niasinamidi, ambayo hutuliza madoa na haikuchubui. Cha kuogopa ni kile kikopo kisicho na boksi wala orodha ya viambato, kilichojazwa dukani na kuitwa cha Kikorea. Haidrokwinoni na zebaki, zinazochubua ngozi, zimepigwa marufuku Kenya kwenye vipodozi, na hizo hujificha kwenye vikopo vya namna hiyo. Usikiguse.

Sasa vitu vyako viwili ulivyonavyo. Ile 23 usimpe mtu, sifongo yake imeshakunywa mafuta ya uso wako, na usijaribu kuichanganya na faundesheni nyeusi ukitumaini itakufaa. Chukua kile kisifongo cha kugongea, kioshe vizuri, kitumie na faundesheni ya rangi yako. Ndicho kilichokuwa cha thamani humo. Tinti ya cheri ibaki. Ipake juu ya penseli ya kahawia, safu moja tu, na Jumapili ujaribu tone moja kwenye kila shavu, uligonge haraka kabla halijashika. Kwenye chokoleti iliyokolea, lile waridi lililokusumbua midomoni hutoka shavuni kama mtu aliyekimbia kidogo akapata habari njema.

Jumamosi nenda dukani asubuhi, uso mtupu, kioo mkobani. Ukipata namba iliyopotea kwenye taya yako baada ya zile dakika ishirini, niandikie ni ipi na herufi yake, maana wapo wasichana wengi wa rangi yako wanaoniuliza, na ningependa kuwapa jibu lililokwisha kupimwa kwenye jua la Nairobi.